Kaburi Lililong'aa Kaole

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, msinicheke kwanza, maana hasira zangu hazijapoa hata leo.

Enzi za Mwingereza, watu wa Makurunge walikuja kututazama kabla ya kumposa binti yangu Mwanaidi. Nikajigamba kwamba babu yetu kazikwa Kaole, kwenye magofu, nikawachukua wote kwenda kumzuru.

Mimi mwenyewe sikuwa nimefika kule miaka mingi, kwa ajili ya magoti. Kila Shaabani niliwapa wanangu wawili chokaa na ubani, na wakirudi waliniambia, "Tayari mama, kaburi linang'aa."

Basi nikakuta kaburi moja tu limepakwa chokaa, mengine yamemezwa na majani. Nikakaa papo hapo, nikafukiza ubani, nikamwaga marashi, nikalia kwa sauti. Kisha nikamgeukia bibi wa mposaji. "Unaona, dada, sisi tunavyotunza wazee wetu? Wenzetu wamewatupa wao porini."

Akaningoja nifute machozi. "Nimeona. Ila huyo unayemlilia ni babu yangu mimi, na chokaa hiyo nimeipaka kwa mkono wangu. Mambo ya posa tutayazungumza mkishampata wenu."

Nikawatazama wanangu. Mkubwa akanyoosha kidole kwenye kichaka cha miiba.

Nikawaambia mbele ya wageni, "Leteni mapanga. Pilau ya leo watakula wageni peke yao. Nyumba yangu yote, pamoja na mimi mpumbavu, hatutii tonge kinywani mpaka nimwone babu yenu alipolala."