Sauti ya Uso Mwingine

Mtaani walimwita Mama Waya, ingawa hakuwa na mtoto na jina lenyewe hakulipenda. Alikuwa fundi wa redio, mkono mwepesi, ulimi mzito. Mumewe msanii alikuwa kinyume chake.

Mume ndiye aliyeota kuifanya picha isikike. Mke ndiye aliyekaa chini akalehemu nyaya. Kamera kuukuu ilimulika uso wa Mama Waya: penye mwanga umeme ukapanda, penye kivuli ukashuka, na umeme huohuo ukaingia kwenye spika. Uso ukanguruma. Kovu la moto shavuni likatia mkwaruzo, kama mtu anayebana kikohozi.

"Kumbe nina kelele hivi?" Mama Waya alicheka hadi machozi.

"Ndiyo raha yangu," mume akamjibu.

Kwa miaka mingi walizunguka kwenye maonyesho na mkanda wa video wa uso ule, naye akaizoea sauti yake kama mtu anavyozoea jina lake.

Kisha mume akapata ukumbi mkubwa. Safari hii alitaka giza na spika tu, picha isionekane. Siku ya ufunguzi Mama Waya alijipamba, akasimama katikati ya wageni, akatega sikio. Sauti ilitoka laini, imenyooka. Mkwaruzo haukuwapo.

Akamvuta mumewe kando. "Huyu nani?"

"Nani tena? Ni wewe. Nimerekebisha mashine kidogo."

"Mashine nimeiunda mimi. Haiwezi kufuta kovu."

Mume akainamisha macho. Dada wa mume, aliyesimama karibu, akamshika Mama Waya mkono. "Wifi, tusiaibishane mbele za watu. Mtayamaliza nyumbani."

Hapo akajua kwamba ukoo mzima ulikuwa na habari. Yeye tu ndiye aliyefichwa. Katika hotuba yake mume alimshukuru "mke wangu, mwenye sauti hii," watu wakapiga makofi, naye akalazimika kutabasamu.

Kesho yake alihamia kwa kaka yake. Mwanamke mwenye uso ule laini akaingia katika nyumba aliyoiacha, na mashine ikazunguka miji na kusifiwa.

Ilipoharibika, aliyeileta alikuwa wifi yuleyule. "Anasema hakuna mwingine anayeijua."

"Mrudishie," kaka akafoka.

Mama Waya aliifungua, akabadilisha kilichoungua, akaijaribu kwa kuielekeza ukutani, si usoni mwake. Ikavuma. Wifi akaibeba, akaondoka bila hata kuketi.