Ile ya Kwaya

Asubuhi hiyo niliondoka nyumbani Lambwe bila kujua naelekea wapi, kama kawaida yangu tangu niache shule darasa la sita. Tofauti ni kwamba safari hii nilibeba mfuko wa santuri za marehemu baba. Mchwa walikuwa wameanza kula sanduku lake, na Mama alisema nizichukue.

"Ile ya kwaya tu niachie," aliniambia.

Hilo lilinikaa vibaya. Gramofoni yetu iliharibika nikiwa mdogo na hatukununua nyingine. Angeisikiliza na nini? Baba naye hakuwa mtu wa kwaya hata kidogo. Mama alipoingia jikoni, niliitia mfukoni pamoja na zile nyingine.

Migori nilimpata muuza redio mmoja, Mwislamu kutoka Pwani, ambaye bado ana mashine ya santuri. Zile tulizozizoea zilikuwa zimekwaruzika hadi gitaa linalia kama mahindi yanayokaangwa. Kisha akaivuta ile ya kwaya kutoka kwenye jalada lake, akaiinua kwenye mwanga, akasoma lebo.

"Hii si kwaya, bwana. Na sindano haijaigusa hata mara tatu. Umeiba wapi?"

"Kwetu."

"Wezi wote husema hivyo." Akacheka, akaiweka kwenye mashine.

Ilikuwa benga, muziki wetu Wajaluo wa gitaa. Katikati mwimbaji aliacha kuimba, gitaa likaendelea, akaanza kuwaita watu kwa sifa zao, kama wanamuziki wetu wanavyofanya. Nikamsikia akimtaja mwenye baiskeli bila breki, wa Lambwe. Huyo ni baba. Lambwe nzima ilimwita hivyo. Halafu akaongeza, kwa Kijaluo: mkwe wa Karungu.

"Amesema nini? Mbona umeganda?"

"Anasalimia watu tu," nilimjibu.

Mama hakuzaliwa Karungu. Hata kufika huko, kwa ninavyojua, hajafika. Lakini alijua vizuri ni santuri gani ya kuniomba nimwachie.

Saa tisa nilikuwa Karungu, kando ya ziwa, harufu ya omena, wale dagaa wa huko, imenijaa puani. Nilipata chumba kwenye gesti ndogo karibu na ufuo. Mwenyewe, mama mzee, alinipa ufunguo akaendelea kukunja shuka. Nilitaka kunyamaza, nikashindwa.

"Mama, umewahi kusikia mtu aliyeitwa mwenye baiskeli bila breki?"

Mikono yake ikasimama. "Nani anauliza?"

"Mtoto wake."

"Wa ngapi?"

"Wa mwisho."

"Wa mwisho huko Lambwe," akasema.

Sikuwa nimemtajia Lambwe. Alinitazama masikio, kisha miguu, polepole, kama mtu anayekagua mbuzi sokoni. Akanyoosha mkono.

"Lete hiyo funguo. Hicho chumba ni cha wageni. Mtoto wa hapa analala kwa nyumba."

Nilimpa. Lakini mfuko wa santuri, wenye ile aliyoiomba Mama, niliuhamishia bega la pili, mbali na mkono wake.