Kelele ya Gurudumu la Nyuma

Kasoki ni jirani yangu hapa Ndosho. Ua wetu na wao unatenganishwa na ukuta wa mawe meusi unaonifika kiunoni. Kila asubuhi huteremka Kituku, ufukoni mwa ziwa, kwa baiskeli, hununua sambaza, wale samaki wadogo, kwa wavuvi, huwafunga katika beseni nyuma ya baiskeli kwa kamba ya mpira, kisha huwapandisha huku juu kwa wateja wake. Mimi ni mmoja wao. Mwanzoni watu walimtazama sana, mama mzima juu ya kinga, kama tunavyoiita baiskeli kwetu Goma. Wengine walicheka. Yeye ni Mnande wa Butembo, mwembamba, hana maneno mengi. Aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

Baiskeli ni ya mume wake, Sikuli, aliyekuwa fundi wa baiskeli karibu na soko. Sikuli alisafiri kwenda Butembo kumchukua binti yao Deborah, aliyekuwa likizoni kwa bibi yake. Ilikuwa safari ya siku chache. Akiwa huko, vita vikaingia mjini kwetu na barabara ikafungwa nyuma yake. Njia ya kuzunguka kwa nchi za jirani ilitaka karatasi ambazo yeye na mtoto hawakuwa nazo. Akafungua kazi ya kutengeneza baiskeli uani kwa mama yake, akangoja. Mwaka ulipita, wa pili ukaanza.

Waliongea kwa simu, bila shaka. Lakini Kasoki aliniambia kwamba simu zile zilikuwa zimeanza kukauka. "Mulilala muzuri?" "Tulilala muzuri." "Mutoto?" "Mutoto iko." "Barabara?" "Bado." Halafu kila mmoja anasikia mwenzake anavyopumua, na mmoja anasema Mungu atasaidia, na simu inakatwa. Baada ya hapo yeye hukaa jikoni na kumkumbuka zaidi kuliko kabla ya kupiga.

Ndipo baiskeli ikaanza kelele.

Ilikuwa asubuhi, akipanda kutoka Kituku kupitia Keshero, beseni limejaa. Akasikia nyuma yake: ka-ta, ka-ta, kama punje ya harage ndani ya mkebe. Akashuka. Akatazama kama kijiti kimeingia kwenye spoki. Hakuna. Akakaza kamba ya beseni, akatikisa madigadi. Akapanda tena, na baada ya mizunguko michache: ka-ta, ka-ta.

Alipomaliza kuuza akaipeleka kwa Zihindula, fundi anayefanya kazi pale alipokuwa Sikuli. Zihindula ni mtu mwema na anaheshimu kazi. Akaigeuza baiskeli, magurudumu juu, akalizungusha la nyuma kwa nguvu. Likazunguka kimya.

"Mama Deborah, mie sisikie kitu."

"Iko, papa. Ukipanda juu yake, iko."

Akafungua ekseli, akaosha gololi, akatia grisi mpya, akakaza spoki moja moja. Kasoki akaondoka ameshukuru. Hakufika hata kona ya kanisa, kelele ikarudi.

Jioni hiyo alipompigia Sikuli, hakuwa na habari nyingine, akamsimulia hiyo. Na Sikuli, aliyekuwa akijibu kama mtu aliyelala nusu, akaamka.

"Ya mbele ao ya nyuma?"

"Ya nyuma, minafikiri."

"Inalia kila muzunguko, ao mara moja moja?"

"Sijui, Papa Deborah. Inalia tu."

"Kesho ukiwa mu njia, unipigie. Uweke simu mu kifua, uifunge na kitenge. Mie nitasikiliza."

Kesho yake, Kasoki alipopanda na sambaza wake, mume wake alikuwa kifuani mwake, sauti yake ikitoka katika kitenge kama ya mtu aliye chini ya blanketi.

"Acha kukanyaga pedali kidogo. Inalia tena?"

"Inalia."

"Basi si cheni. Funga breki polepole."

"Bado inalia."

"Si breki. Simama juu ya pedali, uegemee mbele."

Akasimama juu ya pedali, mawe yakimrusha, watu wakimwangalia mama anayeongea na kifua chake. Ikalia vilevile. Walipofika mahali njia inapoteremka kidogo, Sikuli akamwambia aiachie ikimbie. Baiskeli ikashika mwendo, upepo ukaingia katika kitenge, na kelele ikanyamaza kabisa. Alipopunguza mwendo, ikarudi.

Kasoki akadhani mtandao umekatika.

"Uko?"

"Niko. Bado sijajua. Tuijaribu tena kesho."

Wakaijaribu kesho, na siku nyingi zilizofuata. Sikuli alimwambia apite njia ya mawe makubwa, asikie kama inalia zaidi. Apite ya lami. Apite nyuma ya soko, mahali alipokuwa akifanyia kazi. Asubuhi nyingine alimwomba ampigie kabla hata ya kuondoka Kituku, wakati mitumbwi inashusha samaki na akina mama wanagombania bei.

"Nani anapiga kelele hapo?"

"Ni Mama Élisée. Anasema wamemupunja."

"Iko tu vile, hajabadilika!" Sikuli akacheka, na Kasoki akacheka naye, ameshika usukani kwa mkono mmoja. Siku hizo nilimwona akifika kwangu na sambaza, jasho usoni, macho yanang'aa. Nilimuuliza kama kuna habari za barabara kufunguliwa. Akasema hapana, ni kinga tu inamsumbua.

Lakini Kasoki ana masikio, na ana akili. Jumapili moja, alipokuwa akichota maji, alimwona mtoto wa jirani akizungusha kindoo kwa kamba yake, juu na chini, na maji hayamwagiki. Mtoto alipopunguza, yakamwagika kichwani mwake. Kasoki akasimama pale na bidoni yake ya maji. Ikienda mbio, kitu kinashikwa pembeni. Ikienda polepole, kinaanguka. Basi kitu kimo ndani ya gurudumu lenyewe, na ndiyo maana Zihindula alipolizungusha kwa nguvu hakusikia neno.

Jumatatu akampelekea Zihindula baiskeli, akamwomba atoe tairi. Rimu ya baiskeli ile ni ya Ulaya, ina uwazi ndani kama bomba. Wakaigeuza na kuitikisa, mpaka nati ndogo ya spoki ikadondoka kwenye tundu na kuanguka mavumbini.

"Mama, umeisikia wewe mwenyewe!" Zihindula akasema, na akafurahi kweli.

Kasoki akampigia mume wake palepale.

"Nimeiona."

"Iko nati?" Sikuli akauliza.

"Umejua namna gani?"

Akaeleza. Asubuhi ile ya kuondoka kwenda Butembo alikuwa amebadilisha spoki moja kwa haraka, gari linamngoja. Nati ikamponyoka, ikaingia ndani ya rimu, akafunga tairi juu yake akisema ataitoa akirudi. Ilikuwa imenasa mahali, mpaka mawe ya Keshero yakaiachisha.

"Kwa hiyo ulijua."

"Tangu siku ile uliteremuka na ikanyamaza."

"Na ukanizungusha muji muzima!"

"Mama Deborah," akasema, "nilikuwa natembea na wewe. Huku siko nasikia Goma. Nilikuwa nasikia njia, nasikia Kituku, nasikia wewe unapumua mu mulima. Ningesema ni nati, ungeniambia nini kesho? Mutoto iko, barabara bado."

Kasoki alikata simu. Aliniambia alikasirika, kwa sababu alikuwa amesukuma mzigo juu ya mawe kwa ajili ya kitu kilichojulikana. Jioni alikuja kwangu, akakaa juu ya ukuta wetu, akasimulia yote, na katikati ya hasira akaanza kulia. Nilimkatia ndizi, akala nusu.

"Kama angeomba tu," akasema. "Kama angeniambia, nataka kutembea na wewe. Ningekataa?"

Siku moja ikapita bila kumpigia. Iliyofuata, alipokuwa Kituku anafunga beseni, akaitoa simu, akampigia, akaitumbukiza kifuani na kufunga kitenge. Baiskeli ilikuwa kimya chini yake. Halafu sauti ya mtoto ikatoka: ilikuwa Deborah, ameichukua simu mkononi mwa baba yake.

"Mama, uko wapi?"

"Niko Kituku, napanda."

"Papa anasema upite njia ya ndefu."

Kasoki akatazama sambaza wake, akatazama jua. Wateja walikuwa wakimngoja, na mimi miongoni mwao. Siku hiyo samaki walinifikia wamechelewa.