Kandambili za Fundi wa Fremu

Fundi wa fremu hana maneno mengi. Huilaza picha kifudifudi juu ya blanketi, hubana misumari midomoni, hugongomea. Ikiwa ni picha ya mungu, huvua kandambili kwanza. Ndiyo maana Sudeshna, aliyeichora picha ya leo, anaitazama miguu ya fundi, roho juu. Mungu wake, Mama Durga, ana mikono kumi kama kawaida, ila badala ya silaha imeshika ufagio, sufuria, simu, nepi. Na juzi hapahapa Kolkata picha ya mchoraji mwenzake ilichanwa kwa kosa dogo kuliko hilo.

Fundi anatema misumari kiganjani. “Silaha za Mama ziko wapi?”

“Ndizo hizo, kaka.”

Anaukagua mkono mmoja mmoja, mpaka wa kumi. Kisha anavua kandambili.

“Shika huku, dada. Mama halazwi kifudifudi.”