Silinda Kumi na Mbili za Shemeji Ermes

Ukimkaribisha shemeji yangu Ermes Bonvicini nyumbani kwako, kabla hajakusalimia atasikia friji linavyonguruma na kukuambia lina ugonjwa gani. Dada yangu Deanna alikubali kuolewa naye akiyajua hayo. Mimi nilimwonya, lakini wakati huo Ermes alikuwa bado ana nywele.

Tangu ujana kazi yake ilikuwa kuunganisha injini za silinda kumi na mbili katika kiwanda cha Ghirelli, hapa kwetu Pieve Bassa, nje kidogo ya Modena. Injini moja, fundi mmoja, mwanzo hadi mwisho, kisha kibati chenye jina lake kinafungwa juu yake kwa skrubu. Mimi niko idara ya rangi, jengo la pili, na rangi haifungwi kibati cha mtu. Jambo hilo Ermes amelitaja mezani kila Krismasi tangu aoe kwetu. Magari yenyewe hununuliwa na watu tusiowajua, wa Monaco, wa Dubai, wa Munich, na wengine huyafungia bandani wasiyaguse. Ermes aliwazungumzia kama ndugu zake. "Yule wangu wa Munich," angesema, "sijamsikia siku nyingi, nadhani yuko salama."

Kila asubuhi madereva wa majaribio walipitisha magari mapya katikati ya kijiji. Vioo vilitetemeka, mbwa walibweka, na Ermes, akiwa amesimama na kahawa yake mlangoni pa baa, alifumba macho na kuinua kidole. "Hiyo yangu," alisema. Sisi tuliokuwepo tulinyamaza. Yeye aliamini tunanyamaza kwa heshima.

Balaa lilitoka Brussels. Sheria yenyewe hata mtu wa rangi anaweza kuielewa. Wanachukua magari yote ambayo kiwanda kimeuza Ulaya kwa mwaka, wanajumlisha moshi wake, wanagawanya, na wastani ukizidi kiwango kiwanda kinalipa faini kwa kila gari. Zamani sisi tulisamehewa kwa sababu tulikuwa kiwanda kidogo. Kisha Wajerumani wakatununua, na mtoto wa tajiri hapewi msamaha wa maskini. Wajerumani nao wakasema kila mtoto abebe mzigo wake. Gari letu hunywa petroli kama wageni wa harusini wanavyokunywa mvinyo wa bure, kwa hiyo mzigo ulikuwa mkubwa.

Mkurugenzi wetu ni injinia Sartoris, mtu wa Torino, anayekula chakula cha mchana akiwa amesimama na kwa hiyo hana rafiki hapa. Alituita wote kwenye bwalo akafunua kitu kilichofunikwa kwa shuka. Kilikuwa kigari cha umeme, viti viwili, kifupi kuliko meza ya padri. Walikiita Lucciola, yaani kimulimuli. Kisichotoa moshi kinashusha wastani, alieleza, kwa hiyo kila Lucciola likiuzwa, gari kubwa linapata pumzi. "Yasipouzwa ya kutosha kabla ya mwaka mpya," akamalizia, "meza za kuunganishia silinda kumi na mbili zinafungwa. Mafundi wake watapewa nafasi Ujerumani."

Ermes alikizunguka kile kigari, akafungua boneti, akakuta kikapu cha kuwekea mizigo. "Injini iko wapi?" aliuliza. Akaambiwa hakuna. Akafunga boneti taratibu, kama mtu anayemfunika maiti uso, akaenda nje.

Miezi ikapita na Lucciola halikuuzika. Wenye pesa walicheka. Duka la Modena liliuza moja tu, kwa daktari wa meno aliyedhani ni la kuchezea watoto, akalirudisha alipoambiwa linahitaji bima. Kule baa Ermes akatangaza msimamo wake: "Injini ikihamia Ujerumani, nami nahamia."

"Nenda," Deanna alimjibu mbele za watu. "Mama yangu ana goti na mimi simwachi. Utaniletea soseji Pasaka."

Nilimjua shemeji yangu. Maneno yake ni kama yale magari, yakishaondoka hayana breki. Baa nzima ilinyamaza, na safari hii hata yeye aliona haikuwa heshima. Kesho yake jioni akaja kwangu akiwa amevaa miwani ya jua na mvua inanyesha.

"Shemeji," akasema, "kiwanda kinatuazima Lucciola tuonyeshe majirani. Utaendesha wewe."

"Kwa nini nisiendeshwe mimi?"

"Kwa sababu mimi nina jina langu kwenye injini. Wewe una jina wapi?"

Tulipopita mbele ya baa alijikunja mpaka kichwa kikawa chini ya kioo, na kwa kuwa kigari ni kidogo, goti lake lilikuwa shavuni mwangu. Tulianzia kwa Bi Iole, jirani yao, mjane wa mchinja nyama, aliyemlea Ermes nusunusu zamani mama yake alipokuwa akifanya kazi za zamu. Alikuwa jikoni anakanda unga.

Sasa, shemeji yangu hajui kusema uongo kuhusu mashine. Akusifie mkeo mbaya, sawa, ataweza, lakini si mashine mbovu.

"Bi Iole, nimekuletea gari," alianza. "Nikwambie ukweli, halifai. Haliendi kasi."

"Na mimi niende kasi wapi?" Bi Iole aliuliza. "Makaburini? Nitafika tu."

"Halina sauti. Ukiliwasha hujui kama limewaka."

"Ndiyo vizuri. Tutasikilizana."

"Ndani wanakaa watu wawili tu."

"Basi dada yangu Norma akija na mumewe, mumewe atabaki kwake. Endelea mwanangu, sema ubaya wake mwingine."

Ermes alikuwa ameanza kutokwa jasho. "Safari ndefu haliwezi. Ukifika Bologna unalala huko huko mpaka lichajiwe."

"Bologna nimeshafika mara moja, inatosha. Lina rangi gani?"

Hapo nikaingia mimi, nikamweleza kwamba rangi ni ile ile ya gari kubwa, imepigwa kwa mkono huu. Ermes akanikanyaga mguu. Lakini Bi Iole alichukua lile jekundu, na Ermes akamshika mikono yenye unga akamwambia kwa sauti ya kanisani: "Umeokoa silinda mbili nzima, Bi Iole. Kwa ajili yako kuna mtu Munich atapata gari lake."

"Msalimie," alisema Bi Iole, akarudi kwenye unga wake.

Basi ikawa hivyo. Ermes aliingia nyumba baada ya nyumba akitangaza mabaya ya Lucciola, na akina mama wa Pieve Bassa wakalinunua. Norma alinunua ili asipitwe na dada yake. Don Ottavio, padri wetu, alilinunulia parokia, akisema linamfaa mtu asiye na mke. Fundi wa nywele alinunua. Mwalimu mstaafu wa hesabu aliuliza maswali mengi kuhusu ule wastani, akaonyesha kwamba Brussels wangeweza kuupanga vizuri zaidi, kisha akanunua naye. Kila mmoja Ermes alimhesabia silinda alizookoa, na kila mmoja aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeelezwa ugonjwa wa mjomba wa mtu mwingine.

Kufikia majira ya vuli kijiji kilijaa vimulimuli. Jumapili baada ya misa vilitoka uwanja wa kanisa kwa mstari, kimyakimya, huku Bi Iole akiwa mbele amekumbatia usukani kama mtoto mchanga. Ermes aligongwa makalio mara kadhaa kwa sababu masikio yake yamezoea kukwepa gari linalonguruma. Aliyemgonga kila mara alishusha kioo na kumwambia, "Silinda zangu zinaendeleaje?" Naye, akijipangusa, alijibu kwa furaha kabisa kwamba zinaendelea vizuri.

Desemba idadi ikatimia, ikapita. Ermes alilala mezani pa baa kwa mvinyo wa lambrusco na tukamrudisha nyumbani mimi na Deanna, ndani ya Lucciola la Norma, yeye mapajani mwa Deanna, miguu yake ikiwa dirishani. Njia nzima alikuwa anataja majina ya watu waliookoa injini. Deanna alimfuta mdomo akasema, "Ndiyo, ndiyo, lala sasa."

Baada ya sikukuu injinia Sartoris akamwita ofisini. Ermes alivaa suti ya harusi yake, ambayo vifungo vyake havijuani tena na matundu, maana alikuwa na hakika ni nishani. Nilimngojea nje kwenye ubaridi. Alipotoka alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili.

"Limeuzwa sana," aliniambia.

"Nini?"

"Lucciola. Watu wa Bologna wameliona hapa kwetu, wanalitaka. Milano wanalitaka. Wajerumani wamefurahi mno, wanauliza kwa nini waendelee kuhangaika na kubwa, faini na makelele. Meza zetu wanazifunga wakati wa machipuko. Mimi wananipa usimamizi wa Lucciola. Anasema hakuna mtu kiwandani aliyeliuza kama mimi."

"Ukasemaje?"

"Nimesema asante. Mdomo umesema peke yake."

Miaka mingi nilikuwa nikiomba siku moja nimwone Ermes bila kile kibati chake. Siku ile nilimwona, na sikufurahi hata kidogo. Niliumia kama vile jina lililotolewa ni langu.

"Nipeleke kwa Bi Iole," akasema. "Lazima nimwambie mwenyewe. Wamenunua kwa ajili ya injini, na mimi nimewaponza." Safari hii tulipopita mbele ya baa hakujikunja.

Jikoni kwa Bi Iole walikuwepo Norma, fundi wa nywele na wengine wawili watatu, wamezunguka meza wakikunja tortellini, vile vifuko vidogo vya unga vyenye nyama ndani, za parokia. Ermes alisimama mlangoni na suti yake.

"Nimekuja kuwaomba radhi," alisema. "Injini inafungwa."

"Ipi?" aliuliza Bi Iole bila kuinua macho.

"Silinda kumi na mbili. Ile mliyoiokoa."

"Ile inayopita asubuhi?"

"Hiyo."

"Haitapita tena?"

"Haitapita tena, Bi Iole."

Wale akina mama walitazamana. Norma akafanya ishara ya msalaba, na mimi niliyekuwa nimesimama upande wa uso wake niliona wazi kwamba anashukuru.

"Kuku wangu watataga sasa," alisema fundi wa nywele kwa sauti ya chini, na Bi Iole akamsukuma na kiwiko, lakini alikuwa amechelewa.

Ermes aliwaangalia mmoja mmoja. "Mlikuwa hamuipendi?"

"Mwanangu," alisema Bi Iole, "miaka yote hii nakunywa nusu ya kahawa, nusu nyingine inanywewa na kitambaa cha meza. Nani anaipenda?"

"Sasa mlinunua ya nini?"

"Si ulisema unahamia Ujerumani?" Bi Iole alijipangusa unga kwenye aproni. "Wewe ukisema kitu huwa hujui kurudi nyuma. Deanna angebaki na goti la mama yake, wewe ungekuwa huko unakula viazi peke yako. Tukasema, kijana anatembea mvua inamnyeshea, anauza kitu asichokipenda. Tufanyeje? Mimi nilirudi kupimwa macho, na umri huu, ili wanipe leseni." Akamwangalia kwa ukali. "Kazi unayo au huna?"

"Ninayo."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa."

"Unahama au huhami?"

"Sihami."

"Basi tumepata tulichonunua. Nawa mikono, uje ukunje, tuko nyuma."

Ermes alivua koti, akakunja mikono ya shati, akaenda kwenye sinki. Alinawa muda mrefu kuliko inavyohitajika, ametupa mgongo, mabega yanatikisika, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia afunge maji.