Kahawa ya Bibi Zuwena

Nakumbuka Ijumaa moja hapa mjini kwetu Ibra, baada ya sala. Tulikuwa wanne majlisi, chumba cha wageni: Ami Seif, ndugu wa baba; Bibi Zuwena, shangazi yake Ami, aliyetoka Al Qabil khasa kwa shauri lile; mdogo wangu Nasor; na mimi, mshika birika. Wazee wetu walikwishatangulia mbele ya haki, nami niliacha skuli nikalea wadogo zangu.

Sikiliza, mwanangu: Nasor alipata nafasi ya kwenda Uingereza kusomea utunzi wa michezo ya kuigiza. Ami hakutaka hata kusikia. Sikukuu iliyopita Nasor alikuwa ametunga mchezo, ndani yake mzee anatikisa kikombe, "Bas, nimetosheka," na mkono wa pili umo kwenye halua. Mji mzima ulimjua mzee huyo ni nani.

Nikamimina kahawa. Bibi akapokea kikombe, akakiweka chini. Kwetu hiyo ina maana yake: mgeni ana haja, wala hanywi mpaka akubaliwe.

"Sema, Shangazi," Ami akasema, uso ameukunja.

"Kijana aende."

"Akatunge matusi?"

"Matusi yepi, Seif? Halua huili wewe?"

Nasor akainama kuficha kicheko. Mimi nikadakia, "Lakini Bibi, nimeacha skuli kwa ajili yao. Leo aniache?"

Akanitazama kwa huruma. "Uliacha ili wao wende, au ili wakae wakutazame?"

Kahawa ikapoa. Ami akaitazama weee, mwisho akacheka. "Mtoto akililia wembe, mpe. Kunywa, Shangazi. Na wewe Nasor, ukinitia tena mchezoni, nivike kilemba kizuri!"

"Na mimi uniandikie mmoja kwa Kiswahili," Bibi akasema, "niufahamu."

"Inshallah, Bibi," Nasor akaahidi.

Nasor alianzia kumbi ndogo za huko Uingereza, zenye viti vitupu. Leo anaandika michezo na filamu, yote kwa Kiingereza. Katika filamu moja yumo Mzungu mwenye kofia nzuri, anasema ametosheka, mkono umo kwenye keki. Ami huirudia kila wiki.

Mwanangu, wema uliomtendea mtu usiufanye kamba ya kumfungia. Na ukifunguliwa wewe mlango, kumbuka ahadi ni deni. Mungu akujaalie mikono ya kulea na moyo wa kuachia.

Nasor alikuja mwezi uliopita. Nikamimina kahawa. Bibi, macho yamefifia sasa, akapokea kikombe, akakiweka chini.

Kahawa hakuinywa.