Nyuzi Mbili za Daktari

Wanaomsema Bi Mwamvita vibarazani waje kwanza wanieleze ni nani aliyewaosha mama zao. Hapa Njoro, Moshi, mwanamke Mwislamu akifariki, yeye huitwa kabla hata turubai halijatafutwa. Anaingia chumbani na ndoo zake, kafuri na pamba, anafunga mlango, na anachokiona humo hakijawahi kutoka kinywani mwake. Mimi ni jirani yake wa ukuta kwa ukuta, na sijawahi kuambiwa lolote.

Ana mtoto mmoja tu, Rukia, fundi cherehani. Mwaka jana Rukia alipapasa uvimbe kwenye titi la kushoto. Akachomwa sindano ya kipimo, majibu yakaja: saratani, ila bado changa. Daktari wake, Dokta Aika, binti wa Kilema huko mlimani, akasema uvimbe unaweza kutolewa wenyewe, titi likabaki. Rukia alilia kwa furaha, maana ndoa yake ilikuwa bado mpya na hakuwa amepata mtoto wa kunyonyesha.

"Ila kutoa uvimbe siyo mwisho," Dokta Aika aliwaambia Rukia na mumewe, Shakiru. "Kwetu Kilema mgomba ukiugua, huchimbi shina peke yake. Unachimba na udongo wa pembeni. Na mimi nitatoa uvimbe pamoja na nyama nzima kidogo kuuzunguka. Maabara watapaka wino kwenye kingo za hiyo nyama, waziangalie kwa darubini. Saratani ikigusa wino, huenda nyingine imebaki mwilini. Kingo zikiwa safi, titi lako tunakuachia."

Bi Mwamvita hakuyasikia hayo. Siku hiyo alikuwa Majengo, kwenye msiba, anaosha.

Operesheni ilifanyika Ijumaa, ikaenda vizuri. Hospitali ile ni ndogo, haina maabara ya kazi hiyo, kwa hiyo muuguzi alimkabidhi Shakiru kikopo cha plastiki chenye nyama iliyolowekwa kwenye dawa ya kuizuia isioze, akipeleke hospitali kubwa. Alipofika akakuta maabara imefungwa. Akakirudisha nyumbani, wanakoishi pamoja na Bi Mwamvita, akakiweka juu ya kabati kingoje Jumatatu, akarudi wodini kwa mkewe. Hakumwambia mama mkwe neno. Aliona haya. Titi la binti wa mtu, angeanzaje kulitaja mbele ya mama yake?

Kesho yake Bi Mwamvita akifuta vumbi alikiona kikopo, kimeandikwa jina la mwanawe. Akakifungua, akaelewa ni nini. Kwake yeye, kipande cha mwili wa Mwislamu hakikai kabatini kama sukari. Akaimwaga ile dawa, akaisuuza nyama kwa maji safi. Pembeni yake akakuta nyuzi mbili nyeusi zimeshonwa, mmoja mrefu, mmoja mfupi. Akazikata kwa mkasi wa Rukia, akaifunga nyama kwa kipande cha sanda, akaifukia chini ya mgomba nyuma ya nyumba. Jioni alinisimulia uso umetulia, kama mtu aliyemaliza wajibu wake.

Jumatatu Shakiru alitafuta kikopo hadi uvunguni. Alipoambiwa, alichukua jembe akaifukua ile nyama. Lakini joto la Moshi mnalijua.

"Shikamoo, mama," Dokta Aika alisema walipoitwa wote.

"Marahaba, mwanangu. Nimekosa nini?"

"Nyama imeoza, mama. Na zile nyuzi nilizishona mimi. Mrefu ulikuwa upande wa kwapa, mfupi upande wa juu, ili maabara wajue ukingo upi ni upi. Sasa hakuna wa kutuambia kama kingo zilikuwa safi." Akamgeukia Rukia. "Naweza kukata tena kuzunguka kidonda, ila nitakuwa nabahatisha. Au tulitoe titi lote."

Rukia alisema litolewe lote. Hawezi, alisema, kulala kila siku na kitu asichokijua.

Nilikasirika, sifichi. Nilimkasirikia Shakiru na haya zake, na muuguzi aliyetoa kikopo bila kueleza. Bi Mwamvita sikuweza kumkasirikia. Alikuwa amekonda kuliko mgonjwa.

Titi lilipotolewa, kikopo alikibeba yeye mwenyewe. Alikipakata kwa mikono miwili hadi maabara, na kabla hajakiachia alimwonyesha mpokeaji kwamba nyuzi zipo.

Majibu yalipotoka aliomba awepo. Dokta Aika alikuwa anatabasamu. "Kingo ni safi. Na siyo kingo tu. Wamelipekua titi lote, hawakuona saratani hata chembe."

Shakiru akasema alhamdulillahi, Rukia akajifunika uso kwa mtandio.

"Mwanangu," Bi Mwamvita akamuuliza daktari, "kwa hiyo mara ya kwanza ilikuwa imetoka yote?"

Dokta Aika aliacha kutabasamu. "Inaelekea hivyo, mama."

"Na titi lingebaki."

"Labda. Ndiyo, mama. Lingebaki."

Rukia alimshika mama yake mkono. "Mama, mimi si nipo? Basi."

Bi Mwamvita ameosha nusu ya kina mama waliofariki Njoro bila mtu kumwona chozi. Siku hiyo alilia kwa sauti, mpaka Dokta Aika akainuka akafunga mlango.